Kona ya Dada: Karanga Haisubiri Meno

Wiki hii naweka kando mambo ya mawifi na mahari, tukae jikoni kidogo. Meseji zimekuja nyingi za namna moja. "Dada, mtoto ana miezi saba, yai nimpe lini?" "Dada, mama mkwe kasema samaki mpaka afikishe mwaka." "Dada, nimesoma kwamba karanga ni mpaka miaka mitatu, kweli?" Wote mnaogopa kitu kimoja, aleji. Mmesikia mtoto wa mtu kavimba midomo baada ya kula, mkaona afadhali kusubiri wa kwenu akomae kwanza.

Nianze na jibu, maana najua unasoma simu mkono mmoja na mwingine umembeba mtoto. Akishatimiza miezi sita na ameanza kula, mpe yai, karanga zilizosagwa, samaki, ngano, ufuta, mtindi. Usimcheleweshe ukidhani unamkinga. Kuchelewa hakumkingi, na kwa baadhi ya watoto ndiko kunakowaletea huo mzio unaoukimbia. Wapo wachache ambao lazima wapite kwa daktari kwanza. Hao nitawafikia, msiniache njiani.

Hilo la miaka mitatu si uzushi wa jirani. Lilitoka kwa madaktari wenyewe. Mwaka 1998 Uingereza iliwashauri wazazi ambao familia zao zina historia ya mzio, pumu na mambo ya namna hiyo, wasiwape watoto karanga mpaka wafike miaka mitatu. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kikatoa ratiba yake kwa familia kama hizo: maziwa ya ng'ombe mpaka mwaka mmoja, mayai mpaka miwili, karanga, korosho na jamii yake pamoja na samaki mpaka mitatu. Wazazi wakatii, na mzio wa karanga ukazidi kupanda. Marekani, watoto ambao familia zao zilisema wana mzio huo walikuwa 0.4% mwaka 1997, na kufika 2008 wakawa 1.4%. Mwaka huohuo wa 2008 Wamarekani wakaufuta ushauri wao, Waingereza wakafanya hivyo 2009. Ila ushauri ukishatoka haurudi wote. Huu wa zamani bado unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na mara nyingi aliyeutuma ni shangazi wa Leicester au Minnesota aliyezalia huko enzi hizo.

Walichogundua watafiti baadaye kinastahili kusimuliwa, kwa sababu kilianzia kwenye vitafunwa. Profesa Gideon Lack wa King's College London na wenzake walilinganisha watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza na watoto wa Kiyahudi wanaoishi Israel. Asili yao ni moja, lakini mzio wa karanga ulikuwa 1.85% kwa wale wa Uingereza na 0.17% kwa wale wa Israel. Tofauti ya mara kumi! Kule Israel watoto wachanga hupewa Bamba, vitafunwa laini vya mahindi na karanga ambavyo huyeyuka mdomoni hata kama mtoto hana jino. Uingereza watoto wengi wa umri ule karanga walikuwa hawazionji kabisa.

Lack hakuishia kwenye kulinganisha. Alichukua watoto 640 wa miezi 4 mpaka 11, tena wale wa hatari hasa, wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai au vyote viwili. Nusu wakapewa karanga mara kwa mara, nusu wakazuiwa kabisa mpaka miaka mitano. Matokeo yalitoka 2015. Kati ya wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha kitu mwanzoni, waliozuiwa 13.7% walipata mzio wa karanga. Waliokula, 1.9%. Mwaka 2024 wakaripoti hali yao walipofika umri wa balehe, baada ya kuachwa miaka mingi wale au wasile wapendavyo, na kundi la waliokula lilikuwa bado liko salama zaidi kwa mbali.

Kwa nini iwe hivyo? Maelezo yao ni kwamba mwili wa mtoto hukutana na chakula kwa njia mbili. Moja ni mdomo na tumbo, na kwa njia hiyo mwili hujifunza kukivumilia. Nyingine ni ngozi. Nyumba inayopika karanga ina vumbi la karanga, kwenye mkeka, kwenye kochi, kwenye vidole vya kaka yake. Ngozi nzima hulizuia, ila ngozi iliyopasukapasuka hulipitisha, na kinga ya mwili, kama mlinzi aliyemkuta mtu karuka ukuta usiku, haiulizi kama huyu ni ndugu wa mwenye nyumba. Inamwandika adui. Siku chakula hichohicho kikija kwa mdomo, vita inaanza. Kwa hiyo tunataka tumbo litangulie kukijua chakula kabla ngozi haijakichukia.

Ndiyo maana, kabla hatujafika kwenye sufuria, naomba umshike mwanao mashavu. Pumu ya ngozi kwenye ngozi zetu huwa haiwi nyekundu kama picha za kwenye mtandao zinavyoonyesha. Inakuja na mabaka ya kijivu, au meusi kuliko ngozi ya pembeni, makavu, ukipitisha kidole yanakwaruza. Kwa wachanga hukaa mashavuni na kichwani, baadaye hushuka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Mtoto anajisugua uso kwenye bega lako, usiku halali. Wengi huambiwa ni harara, au joto la Dar, au meno yanaota, wakaacha miezi ipite. Usiache. Mpeleke apate dawa ya kupaka inayomfaa, na umpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato kila siku, hasa akitoka kuoga. Na unapompaka mkono uwe safi. Umetoka kutwanga karanga, nawa kwa sabuni kwanza. Mafuta ya karanga yenyewe usimpake kabisa mtoto wa hivi. Utafiti wa Lack wa mwaka 2003 ulikuta dawa za ngozi zenye mafuta ya karanga zinaendana na mzio wa karanga.

Haya, jikoni sasa. Hapa nina neno na uji wa lishe.

Kwenye mashine ya kusaga ya mtaani kwetu kuna mama anauza lishe kwa kilo, na nimekaa nikamwangalia akichanganya. Mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga, mara nyingine ngano, na mteja anayetaka "yenye nguvu" anatiliwa dagaa wa kukaanga. Sina ugomvi na mama yule, unga wake unanukia vizuri na watoto wengi wa mtaa huu wanaunywa. Ila ukimwanzishia mtoto wa miezi sita unga huo siku ya kwanza, umempa soya, karanga, ngano na samaki kwenye kikombe kimoja. Akitoka mabaka dakika kumi baadaye, utamshika nani? Utaacha vyote vinne, na mtoto atakosa vitatu visivyo na kosa. Anza na uji mtupu wa nafaka moja, mahindi au mchele au ulezi, halafu ingiza hivi vyenye sifa ya mzio kimoja baada ya kingine, ukiacha siku mbili tatu katikati. Vikishapita vyote salama, nenda kwa mama wa mashine ukachukue kilo zako. Boga, viazi, ndizi na mboga havihitaji kusubiriana hivyo, endelea navyo tu.

Siku ya kitu kipya ichague. Iwe asubuhi, mtoto mzima, hana homa wala hajatoka kuchanjwa, na zahanati iko wazi. Jumapili saa mbili usiku mko kwa bibi siyo muda wake. Chukua karanga zilizokaangwa zikasagwa laini kabisa, vijiko viwili vya chai, ziyeyushe kwa maji ya moto kidogo mpaka zitiririke, acha zipoe, changanya na maziwa yako au uji. Mlambishe ncha ya kijiko tu, kisha kaeni mcheze dakika kumi. Hakuna kitu? Mpe zilizobaki taratibu, kwa kasi yake, na asipomaliza usimlazimishe. Saa mbili zinazofuata awe machoni pako.

Usifanye ile ya kumpaka chakula shavuni au mkononi "kumpima kwanza." Najua imesambaa sana. Nyanya au chungwa vikigusa ngozi ya mtoto huiwasha tu bila mzio wowote, kwa hiyo utadanganyika, na kama ngozi ina michubuko unafungua ileile njia tuliyosema tunaikwepa.

Karanga nzima, korosho nzima, kashata, bado. Mpaka miaka mitano hivi, maana zinaingia njia ya hewa na zinaua, na hilo halina uhusiano na aleji. Hata siagi ya karanga usimpe bonge zito kijikoni, hunata kooni.

Na karanga zenyewe tuzichague kama tunavyochagua mchele. Sumukuvu haionekani kwa macho, lakini karanga iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au chungu, iondoe, na ukikutana nazo nyingi kwenye fungu, liache fungu zima. Kukaanga hakuiondoi sumu yote. Tunakumbuka mwaka 2016 watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo, na karanga ni ndugu wa mahindi katika jambo hili. Kwa hiyo nunua kidogo, kaanga mwenyewe, saga mwenyewe ukiweza. Unga wa lishe uliokaa miezi kwenye ndoo karibu na jiko, mimi simpi mtoto.

Yai nalo. Bibi atakwambia mtoto akila yai atachelewa kusema, mwingine atasema atakuwa mwizi. Msikilize kwa heshima, mkaribishe chai, na mtoto mpe yai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka watoto wa miezi 6 mpaka 23 wapate nyama, samaki au mayai kila siku, sembuse kuonja. Lichemshe mpaka likauke kiini na ute, ponda vyote viwili, lainisha kwa maziwa yako. Msitoe ute mkabakiza kiini peke yake mkidhani mmekuwa waangalifu. Protini nyingi zinazoleta mzio ziko kwenye ute, na ndizo mwili unapaswa kuzizoea. Mbichi au la majimaji hapana. Japani walifanya utafiti, ukatoka mwaka 2017, kwa watoto wenye pumu ya ngozi: waliitibu ngozi barabara, wakawapa unga wa yai lililopikwa kidogokidogo kuanzia miezi sita. Walipofika mwaka mmoja, waliokula yai ni 8% tu waliokuwa na mzio wake, wasiopewa wakafika 38%. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa jinsi tofauti ilivyokuwa kubwa.

Vilivyobaki ni rahisi. Samaki mtoe miiba na umponde, awe changu au sato. Ngano ni kipande cha mkate kilicholowekwa, au tambi laini. Ufuta na korosho saga, ndugu zangu wa Lindi na Mtwara hapo hamna kisingizio. Wa pwani, kamba akatwe vipande vidogo sana aive vizuri. Maziwa ya ng'ombe anza na mtindi, au yatie kwenye uji, lakini yasichukue nafasi ya ziwa lako. Mnyonyeshe vilevile na uendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Na wewe mwenyewe unayenyonyesha, au mwenye mimba, huna haja ya kujinyima karanga wala mayai ili kumkinga mtoto na aleji. Asali ndiyo isubiri mwaka mmoja utimie, kwa sababu ya sumu ya bakteria inayoweza kumlegeza mtoto mchanga.

Kuna unga wa vyakula hivi vyote unaouzwa mtandaoni kwenye vipakiti vya kupendeza kutoka nje. Mtu kaniuliza kama ni lazima. Mdogo wangu, hela hiyo inakununulia trei la mayai na kilo ya karanga na chenji inabaki.

Tuzungumze dalili, bila kutishana. Mzio wa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache mpaka saa mbili. Mabaka yaliyoinuka na kuwasha, midomo au macho kuvimba, kutapika. Ukiona hayo, acha chakula hicho, mpeleke hospitali, na usijaribu tena nyumbani "kuhakikisha." Hatari yenyewe ni hii: anapumua kwa mluzi au kwa shida, sauti au kilio kimekwama, ulimi umevimba, anakohoa mfululizo, amelegea au amepauka. Hapo usingoje. Mlaze, usimsimamishe wala kumtembeza begani, ila kama anapumua kwa shida mpakate akiwa ameketi, mkimbieni hospitali, na ukifika mlangoni sema neno moja: mzio wa chakula. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye paja. Ile ya maji ya aleji uliyonayo kabatini inatuliza muwasho tu, pumzi haiiokoi. Usimtapishe, usimpe mkaa, usimnyweshe maziwa. Kuna na aina nyingine isiyo na mabaka, ambapo mtoto anatapika mfululizo saa moja mpaka nne baada ya kula, anapauka, analegea. Hiyo pia ni hospitali siku hiyohiyo. Lakini wekundu kidogo kuzunguka mdomo baada ya nyanya au nanasi, au kukunja uso na kutema, hayo yapuuze, mpe tena kesho.

Sasa wale niliosema nitawafikia. Kama mwanao ana pumu kali ya ngozi, ile iliyoenea au isiyotulia hata kwa dawa, au kama amewahi kuonyesha dalili baada ya kula kitu chochote, usianze karanga wala yai peke yako nyumbani. Muone daktari wa watoto, na uende mapema, akiwa na miezi minne mpaka sita, kwa sababu hawa ndio wanaofaidika zaidi na ndio ambao muda unawakimbia. Daktari anaweza kumpima, au akaamua aonje mbele yake. Kuwa na dada mwenye aleji si sababu ya kumchelewesha mdogo, ila kama moyo unadunda, ongea na daktari kwanza.

Na vipimo, jamani. Kuna maabara zinauza kipimo kimoja cha damu chenye orodha ya vyakula ishirini thelathini, mzazi anatoka na karatasi imejaa alama, mtoto anaachishwa ngano, mayai, samaki na maziwa kwa mpigo. Kipimo kikisema "ndiyo" kwa chakula ambacho mtoto anakila kila wiki bila shida, huyo hana mzio wa chakula hicho. Karatasi bila historia ya mtoto mezani haitoshi, na mtoto aliyenyimwa vyakula vinne bila sababu anakonda kweli.

Kingine ambacho wengi hamkijui ni kuendelea. Kuonja mara moja ukafurahi, ukaacha miezi mitatu, hakusaidii. Kwenye ule utafiti wa Lack watoto walikula karanga kiasi cha kama vijiko viwili vya chai vya siagi ya karanga, mara tatu kwa wiki, miaka na miaka. Utafiti mwingine wa London wenye watoto 1,303 uliwapa nusu yao vyakula sita kuanzia miezi mitatu, na walioweza kufuata ratiba hawakufika hata nusu. Ukiwachukua wote pamoja tofauti haikuwa ya uhakika. Walioifuata sawasawa walikuwa na mzio 2.4%, dhidi ya 7.3% kwa wenzao wa kundi la pili. Wenzetu kule karanga ni kitu cha kukumbuka kununua. Wewe una mchicha wa karanga Jumanne, kisamvu Alhamisi, uji kila asubuhi. Mchotee mtoto kwenye sufuria kabla hujatia chumvi na pilipili, umemaliza. Mwambie na dada wa kazi, mwambie bibi yake anayekaa naye mchana, ili kilichoanzishwa Jumatatu kisifichwe Ijumaa.

La mwisho ni kwa mama wa Morogoro ambaye mwanae kathibitishwa na daktari kuwa ana mzio wa maziwa ya ng'ombe, akashauriwa na jirani ahamie ya mbuzi. Usihamie. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wenye mzio wa moja hupata shida na ya pili. Ila usikate tamaa, maana mzio wa maziwa na wa mayai watoto wengi huuacha wakikua. Wa karanga ni mbishi, kama mtoto mmoja kati ya watano ndiye anayepona. Kwa hiyo mrudishe kliniki daktari anapopanga, apimwe upya, na kama ni kujaribu tena, ijaribiwe hukohuko.